Ukishusha gia, usimshushe na abiria!

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo kila anayepanda pikipiki analikuta kila siku, awe dereva ama abiria, lakini wanaojua sababu yake ni wachache.

Nalo ni lile la kofia kugongana.

Unajua ninachosema. Umekaa nyuma ya bodaboda, umevaa helmeti yako (kama umepewa), mnakwenda vizuri tu, mara mbele kuna tuta. Dereva anashusha gia. Ghafla pikipiki inajivuta kama imekamatwa mkia, wewe unasukumwa mbele, helmeti yako inaigonga ya dereva kisogoni: ko! "Samahani, dada," anasema dereva. Mnavuka tuta. Tuta la pili, ko! La tatu, ko! Mpaka mnafika Sinza kichwa kinakuuma kama mtu aliyekesha baa, na wewe hata soda hujanywa.

Wengi wanadhani hiyo ndiyo tabia ya pikipiki, huwezi kuibadilisha. Wengine wanaisingizia barabara. Wapo madereva wanaomlaumu abiria, eti hajui kukaa! Mimi nasema hapana. Hiyo "ko" ni ya dereva, na ina dawa yake. Dawa yenyewe haiuzwi dukani Kariakoo wala haihitaji fundi. Ni kuzungusha kidogo tu kiganja cha mkono wa kulia, kwa wakati unaotakiwa, basi.

Usicheke. Kuzungusha huko kidogo kunaweza kuwa tofauti ya abiria anayefika kwake na abiria anayeokotwa kwenye lami.

Hebu tuanze na mashine yenyewe, maana huwezi kumtibu mgonjwa usiyejua anaumwa wapi. Pikipiki ina injini huku mbele na gurudumu la kusukuma kule nyuma. Katikati yake kuna klachi, kuna gia, halafu kuna cheni. Ukiwa ndani ya gia na klachi umeiachia, injini na gurudumu vinakuwa kama watu wawili waliofungwa kamba moja kiunoni. Mmoja akikimbia, na mwenzake lazima akimbie. Kazi ya gia ni kuamua injini izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye gia ndogo injini inazunguka mara nyingi, kwenye gia kubwa inazunguka mara chache. Ndiyo maana kwenye gia ya kwanza injini inalia sana na pikipiki haifiki mbali, na kwenye gia ya nne inanguruma kwa upole huku miti inapita.

Tuchukue mfano wa hesabu, ingawa namba zenyewe zinatofautiana kati ya pikipiki na pikipiki. Tuseme uko kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gia ya nne, na injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo huo, ukiwa gia ya tatu injini ingetakiwa kuzunguka kama mara 5,200. Ukiwa gia ya pili, kama mara 7,300. Mwendo haujabadilika hata kidogo, lakini injini inadaiwa mizunguko mingi zaidi kila unaposhuka gia moja.

Sasa angalia kinachotokea pale kwenye tuta. Dereva anafunga mafuta kabisa, anabana klachi. Kamba ya kiunoni imefunguka. Injini, kwa kuwa haina mafuta na haina anayeivuta, inapoa haraka. Inashuka kutoka 4,000 kwenda 3,000, inakwenda 2,000, inaelekea kule kwenye mngurumo wa kusimama. Lakini gurudumu halijapoa, bado liko kwenye kilomita zake 50. Dereva anakanyaga gia ya tatu, halafu anaiachia klachi papo hapo, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Kamba inafungwa tena, ghafla! Gurudumu linasema, "Mwenzangu, kwa gia hii natakiwa kukukuta kwenye 5,200." Injini inajibu, "Mimi niko 2,000 hapa, nimeshalala." Basi gurudumu linalazimika kuiburuza injini kutoka 2,000 mpaka 5,200 kwa kufumba na kufumbua. Na injini ni chuma kizito, haipandi bure. Nguvu ya kuipandisha inatoka wapi? Inatoka kwenye mwendo wa pikipiki yenyewe, kupitia tairi la nyuma. Ndiyo maana pikipiki inajivuta, na ndiyo maana kichwa cha abiria kinakwenda mbele. Hiyo ndiyo "ko" yetu.

Mpaka hapo ni maumivu ya kichwa tu, mtaniambia. Ngoja kwanza.

Nimesema nguvu inapitia tairi la nyuma. Je, kama tairi lenyewe halina mshiko? Kumbuka kwamba mtu anaposhusha gia mara nyingi anakuwa anafunga breki pia, na ukifunga breki uzito mwingi unakwenda mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi. Yaani wakati ule ule unapoliongezea tairi la nyuma kazi ya kuiburuza injini, ndipo linapokuwa na mshiko mdogo kuliko wakati wote. Likishindwa, linaacha kuzunguka sawasawa na barabara, linaanza kuburuzwa. Hapo mkia unaanza kucheza mduara, mara kushoto, mara kulia. Kwenye lami kavu na barabara iliyonyooka dereva anaweza kuokoa. Mtaani watamsifu kwamba ni "mkali".

Lakini iweke hiyo hiyo kwenye mvua ya kwanza baada ya kiangazi, pale vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani yanapochanganyika na maji na lami inakuwa kama sahani yenye sabuni. Iweke kwenye kona yenye mchanga uliomwagwa na lori. Iweke kwenye mteremko wa Makongo au Goba, na nyuma kapakiwa mama mwenye mtoto mgongoni, au wamepakiwa wawili, ile tunayoita mishikaki. Hapo hakuna mkali. Hapo kuna kasheshe.

Haya, dawa yake ni nini?

Dawa ni kuiamsha injini kabla hujaifunga kamba tena. Kwa kuwa unajua gia ya chini itadai mizunguko mingi zaidi, basi mpe injini mizunguko hiyo mwenyewe, wakati klachi bado umeibana. Kwa lugha ya kijiweni ni kupiga resi kidogo katikati ya kushusha gia. Injini ikishapanda mpaka karibu na pale gurudumu linapotaka, ukiachia klachi viwili hivyo vinakutana vikiwa sawa. Hakuna anayemburuza mwenzake. Pikipiki inateremka gia kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani, bila kujikwaa.

Mpangilio wake ni huu. Kwanza, funga mafuta na anza kupunguza mwendo kwa breki. Breki ndiyo kazi yake kupunguza mwendo, gia inakuja kusaidia tu. Pili, bana klachi. Tatu, mguu wa kushoto unashusha gia moja, na wakati huo huo kiganja cha kulia kinazungusha mafuta kidogo na kurudi, haraka, "vum!" Nne, achia klachi kabla ule mlio haujafa. Yote hayo hayazidi sekunde moja. Halafu ndipo unakwenda gia nyingine, ikiwa bado unaitaka. Moja, halafu moja. Si kukanyaga tatu kwa mpigo.

Swali ambalo lazima mtaniuliza ni hili: resi yenyewe kiasi gani? Nakujibu kwamba hutaipata kwa kuangalia mita, kwanza pikipiki nyingi za kijiweni hazina hata mita ya mizunguko ya injini. Utaipata kwa sikio na kwa makalio, samahani kwa lugha. Ukiachia klachi na pikipiki ikajivuta nyuma, resi ilikuwa ndogo au ulichelewa na injini ikapoa. Ukiachia ikaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa, resi ilizidi. Ukiachia na kisitokee kitu chochote, sauti tu ndiyo imebadilika, basi hapo umepatia. Alama ya kupatia ni kwamba hakuna kilichotokea! Abiria wako hata hajui kama umeshusha gia. Anaendelea kuchati.

Nakumbuka safari moja ya kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Ile barabara, kwa asiyeijua, ni ya lami lakini nyembamba, ina kona juu ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde ambalo ni afadhali usilitazame. Nilipakiwa na mzee mmoja wa makamo, hana maneno, jaketi lake limefifia rangi. Kuanzia Soni nikawa nasubiri helmeti zigongane, wapi! Kila kona nasikia "vum" ndogo, mlio unapanda nusu, pikipiki inatulia, tunapinda. Tulipofika chini nikamuuliza, "Mzee, mbona hii haishtuki?" Akanitazama kama ananionea huruma. "Injini haitaki kushtuliwa, mwanangu. Ukiishtua, na yenyewe inakushtua." Akapokea hela yake, akaondoka kutafuta mtu wa kupanda naye.

Sijasikia mwalimu yeyote aliyelieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko yule mzee.

Na wala si jambo geni. Waulize wazee walioendesha malori ya zamani, yale ambayo gia zake zilikuwa hazina kifaa cha kuzilinganisha zenyewe. Ili kushusha gia, dereva alikuwa anabana klachi, anatoa gia mpaka frii, anaachia klachi, anapiga resi, anabana klachi tena ndipo anaingiza gia ya chini. Klachi mara mbili kwa gia moja! Asipofanya hivyo gia inasaga meno mpaka stendi nzima inageuka. Wale walikuwa wanafanya hesabu ile ile tunayoizungumza leo. Pikipiki imewarahisishia kwa sababu meno ya gia zake yanakaa yameumana muda wote na gia inaingia kwa kubofya tu, lakini deni la mizunguko liko pale pale. Na kwenye zile pikipiki kubwa za mbio za siku hizi, kuna kompyuta inayompigia dereva resi yenyewe anaposhusha gia. Matajiri wamenunua kompyuta ifanye kile ambacho yule mzee wa Lushoto anafanya kwa kiganja.

Sasa tuje kwenye maneno ya watu, maana najua kijiweni hayakosekani.

Wa kwanza atasema, "Hizo ni mbwembwe za vijana." Ndugu yangu, mbwembwe nazijua. Mbwembwe ni yule kijana anayefika mbele ya genge la wasichana wanaosuka nywele, anabana klachi na kuvuta mafuta mpaka ekzosi inalia kama bunduki, huku gia haishuki wala haipandi. Huyo anapoteza mafuta na anawaamsha watoto waliolala. Resi ninayoisema mimi ni ndogo, ya muda mfupi, na ina kazi. Ukiifanya vizuri wasichana hawatageuka hata kidogo. Pole sana.

Wa pili atasema, "Pikipiki zetu ni ndogo, CC 125, CC 150, hazina haja ya hayo." Huyu ana ukweli nusu, na lazima nimpe haki yake. Injini ndogo haina nguvu ya kukamata gurudumu kama injini kubwa ya CC 600 au 1,000. Ukiwa peke yako, lami kavu, njia imenyooka, ukishusha kutoka ya nne kwenda ya tatu bila resi hutakufa, utayumba kidogo tu. Lakini bodaboda ya wapi inatembea peke yake kwenye lami kavu iliyonyooka maisha yake yote? Kazi yenu ni abiria, mizigo, matope, mchanga, matuta na miteremko. Mazoea unayoyajenga kwenye jua ndiyo utakayoyatumia kwenye mvua, maana siku ya hatari mtu hapati nafasi ya kufikiri, mkono unafanya ulichozoea.

Wa tatu atasema, "Mimi naachia klachi pole pole, inatosha." Ni kweli, hiyo nayo ni njia, na kwa anayejifunza si mbaya. Ukiachia klachi taratibu, pleti zake zinateleza kidogo na kuipandisha injini kwa upole, hakuna mshtuko. Nampa mkono. Lakini ajue kwamba deni halijafutwa, limehamishiwa tu kwenye pleti za klachi. Zinasuguana, zinapata joto, zinaisha. Pleti za pikipiki nyingi zinaogelea kwenye oili hivyo zinavumilia, ila uvumilivu si utajiri. Mara moja moja sawa. Mara mia mbili kwa siku, kila tuta, kila foleni, kila kona? Fundi atakupenda sana.

Na hapa ndipo niguse mfuko, maana najua ndipo penye masikio. Ule mshtuko wa "ko" haukigongi kichwa cha abiria peke yake. Unaivuta cheni kwa ghafla upande wa kinyume, unayapiga meno ya sproketi, unazichakaza zile raba zilizo ndani ya haba ya gurudumu la nyuma ambazo kazi yake ni kumeza mishtuko. Kila siku kidogo kidogo. Baadaye unasikia cheni inalia, unaikaza, inalegea, unaikaza, mpaka fundi anakwambia ununue seti nzima. Kama pikipiki ni ya mkataba, unalijua hilo linamaanisha nini. Hesabu ya bosi haijui habari za cheni wala klachi. Siku uliyolala gereji na yenyewe inahesabiwa. Pikipiki ambayo ingekuwa yako mkataba ukiisha, unaikabidhiwa ikiwa imeshakuwa skrepa.

Kuna kosa jingine baya zaidi, nalo ni kuruka gia. Mtu yuko gia ya nne, anakuta foleni imesimama ghafla, anabana klachi na kukanyaga kanyaga kanyaga mpaka ya kwanza, halafu anaachia. Rudi kwenye hesabu yetu. Kama gia ya pili ilidai mizunguko 7,300 kwa mwendo ule, ya kwanza itadai ngapi? Itadai kuliko injini ilivyoumbwa. Hapo ama tairi litaburuzwa, ama injini italazimishwa kuzunguka kupita uwezo wake mpaka valvu zinagongana na pistoni. Na usidanganyike kwamba mashine ina kidhibiti cha kuizuia isizidi. Kidhibiti kinaweza kukata moto au mafuta, lakini hapa anayeizungusha injini si moto wala mafuta, ni gurudumu! Nani atalikatia gurudumu? Ukiwa na dharura ya kweli, funga breki zote mbili kwa nguvu inayoongezeka, bana klachi, na hizo gia utazishusha huku mwendo ukiwa umeshaisha.

Nisije nikasahau na ule ugonjwa wa frii. Wapo wanaofika juu ya mlima, wanaweka frii, wengine wanazima kabisa injini, wanateremka kimya kimya "kubana mafuta". Mshikaji wangu, hayo mafuta unayoyabana ni ya bei gani? Ukiwa frii, kile kizuizi cha injini umekitupa, mzigo wote umebaki kwenye breki. Na pikipiki nyingi za kijiweni zina breki za dramu mbele na nyuma, ambazo zikipata joto sana kwenye mteremko mrefu zinalegea, unakanyaga na hazishiki kama mwanzo. Sasa mwendo umefika 70, unataka kurudi kwenye gia, injini iko chini kabisa au imezimika. Utaingiza gia gani? Ukiingiza bila resi, umerudi kule kule kwenye mkia kucheza mduara, tena kwa mwendo mkubwa zaidi. Halafu kuna kichekesho ndani yake. Kwenye pikipiki mpya zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, ukiteremka ukiwa ndani ya gia na mkono umefunga mafuta, kompyuta inayakata mafuta kabisa mpaka injini ikaribie kupoa. Ukiwa frii, lazima iendelee kuyapuliza ili injini isizime. Kwa hiyo aliye ndani ya gia ndiye anayebana mafuta, na aliye frii anayamwaga huku anahatarisha roho za watu!

Kwa hiyo mteremko una kanuni moja. Chagua gia yako kabla hujaanza kushuka, ikibidi shusha na resi yako ndogo, halafu iache injini ikushikilie. Breki zitakuja kusaidia kwa vipindi, zipumzike, zisaidie tena.

Kwa anayetaka kujifunza, naomba asianze na abiria. Tafuta uwanja au barabara ya mtaa isiyo na watu, asubuhi ya Jumapili. Anza ukiwa umesimama frii, piga resi ndogo ndogo, uzoeshe kiganja kuzungusha na kurudi haraka bila kuvuta. Halafu tembea gia ya tatu kwa mwendo mdogo, shusha ya pili na resi bila kugusa breki. Sikiliza. Rudia. Ukiona mwili haurushwi tena mbele wala nyuma, ndipo ongeza breki. Hapo patakusumbua kidogo, kwa sababu breki ya mbele na mafuta viko kwenye mkono mmoja. Vidole viwili vinakaa kwenye breki na kuishikilia bila kutikisika, kiganja na vidole vilivyobaki vinazungusha mafuta. Mwanzoni kila ukizungusha, breki inabanwa na yenyewe. Usikasirike, wala usikimbilie kuifanya barabarani. Ikikushinda, shusha gia kwanza na breki ifuate, au tumia ya nyuma kwa upole wakati wa resi. Muhimu ni mkono usije ukavuta mafuta mengi huku ukidhani unafunga breki.

Na wewe dada, na wewe kaka, ambaye huendeshi bali unapanda tu, usifikiri leo nimekuacha nje. Wewe ndiye hakimu. Ukipanda, usimpime dereva kwa jinsi anavyokimbia wala kwa stika alizobandika. Mpime kwenye matuta mawili ya mwanzo. Helmeti zikigongana, mwambie kwa heshima, "Kaka, shusha gia taratibu, hatuna haraka." Akikusikia, mtu mwema huyo, chukua na namba yake ya simu. Akikujibu kwamba wewe ndiye hujui kukaa, na mawingu yameshatanda, mwambie akushushe hapo hapo, umlipe chake, utembee. Nauli ya pili ni rahisi kuliko plasta ya mguu.

Maana mwisho wa yote, mpenzi msomaji, yule aliyekaa nyuma hana breki, hana klachi, hana mafuta. Hana anachoshika isipokuwa imani kwamba huyu aliye mbele anajua anachofanya. Mama ametoka sokoni, binti anawahi mtihani, mzee anakwenda kliniki. Wote wamekuazima uhai wao kwa hela ya nauli. Kuwalipa kwa robo ya mzunguko wa kiganja si kazi kubwa.

Kwa leo naishia hapa. Kama una la kuniongezea, ama wewe ni fundi na unaona kuna mahali unapingana nami, niandikie tu, safu hii haina hasira. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Mpaka hapo, vaa kofia, funga na mkanda wake, na injini yako usiishtue!